Kampeni za Kiangazi na Mambo ya Chumbani

Uchaguzi mkuu wetu wa Tanzania hufanyika Oktoba, na kampeni zake huanza mwishoni mwa Agosti. Kwetu Chamwino, kama ilivyo sehemu kubwa ya Dodoma, hicho ni kiangazi hasa. Mvua ziliaga tangu Aprili na hazitarajiwi tena kabla ya mwisho wa Novemba. Upepo unavuma kutwa, vumbi linaingia mpaka kwenye unga, pampu za mkono zinatoa maji ya tope, na wakulima wa zabibu wanahangaika kutafuta mnunuzi kabla mzigo haujaharibika. Ukitaka kumkuta mwananchi wa huku ana maswali ya haja kwa anayeomba kura, mfuate miezi hiyo. Lakini kwa miaka mingi nimeona maswali hayo yakizimwa, tena bila mtu kutumia nguvu. Yanazimwa kwa habari za ndoa, watoto wa nje, ulevi, na nani alimwacha nani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Hisabati na Uraia, na kwa muda mrefu nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji ya kijiji. Kampeni nazifuatilia tangu ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995. Majina ya watu na ya vyama nayaacha kwa makusudi, maana ninayoyasimulia nimeyaona kwa vyama vyote vilivyopita kwetu.

Uchaguzi ulionifundisha kuliko mingine ni ule wa 2015, nafasi ya udiwani. Walisimama watatu: mfanyabiashara wa nafaka, mwenyekiti wa zamani wa ushirika wa wakulima, na mama mmoja aliyekuwa mjumbe wa kamati ya zahanati. Huyu mama ndiye aliyekomaa mpaka nyumba ya muuguzi ikaezekwa. Alijua dawa zinaagizwa vipi, fedha za kituo zinaingia wapi na nani anasaini. Miaka ya nyuma alikuwa ameachana na mumewe, akarudi kuishi kwa kaka yake.

Kiangazi kile mashine ya maji ilikuwa imekufa tangu Juni. Fundi alishasema kifaa gani kinatakiwa, barua ilishapelekwa halmashauri, majibu hakuna. Watu walirudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, kama walivyofanya bibi zetu. Dumu la lita 20 la mwenye mkokoteni lilifika shilingi 500. Wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wanaingia darasani saa nne, wengine wanasinzia juu ya daftari, na mimi nikiwa mwalimu wao nilijua wametoka wapi. Kwa hiyo nilipokwenda kwenye mkutano wa kwanza wa kampeni, uwanja wa mpira wa shule, nilidhani yatazungumzwa hayo.

Ngoma za Kigogo zilipigwa, gari la matangazo likasogezwa, akapanda mpambe. Nimejifunza kwamba mgombea mwenyewe mara chache husema maneno machafu. Yeye hukaa kwenye kiti akiangalia karatasi zake, na mpambe ndiye hutumwa. Akasalimia, "Mbukwenyi!" Uwanja ukaitikia. Kisha akasema, "Ndugu zangu, kabla hatujasikia sera, nina swali moja tu. Mtu aliyeshindwa kukaa na mume mmoja, ataweza kukaa na kata nzima?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Vijana wakapiga miluzi, kina mama wakajifunika khanga midomoni. Mpambe alivyoona imeingia, akaendelea: nani alimwona wapi, mwanawe wa pili anafanana na nani. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja amekuja na dumu lake tupu, amelikalia. Akanyanyuka, akapaza sauti: "Mimi nimeamka saa tisa usiku kwenda korongoni. Naomba kujua habari ya mashine." Mpambe akamjibu, "Mama, tutafika huko." Muziki ukawekwa. Mpaka mkutano unafungwa hawakufika huko.

Siku chache baadaye ikawa zamu ya yule mama mgombea. Hapo ndipo nilipoona hasara ilivyo kubwa kuliko nilivyofikiri. Alikuwa amejiandaa kuzungumzia zahanati na mashine ya maji, karatasi alinionyesha. Lakini asingeweza kupanda jukwaani akanyamaza juu ya yaliyosemwa. Akaanza kueleza ndoa yake. Akamwita kaka yake aje kuthibitisha. Kaka naye akaeleza habari ya mahari, ya vikao vya wazee, ya nani alikosea. Akasimama na mzee wa kanisa. Sasa, mikutano ya kampeni kwa kanuni mwisho wake ni saa kumi na mbili jioni. Alipofikia habari ya zahanati jua lilikuwa linazama, msimamizi anaonyesha saa, na nusu ya watu wameshaanza kuondoka kuwahi mifugo. Karatasi yake ilikuwa na hesabu nzuri: kifaa cha mashine bei gani, kijiji kichangie nini, halmashauri iombwe nini na katika kikao kipi. Hakuisoma. Maneno yale ya mpambe yalikuwa yamemshinda kabla hata hajajibu, kwa sababu kuyajibu kulimlia muda wote.

Alishinda mfanyabiashara wa nafaka. Mashine ilitengenezwa mwaka uliofuata, baada ya kiangazi kingine kuanza.

Baadaye kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye kampeni zile alikuwa akiendesha gari la matangazo, alikuja kunisalimia nyumbani. Tukala, tukazungumza, nikamuuliza kwa nini walikuwa wanafanya vile. Hakuficha. "Mwalimu, sisi tulikuwa tunaambiwa, ikianza habari ya maji, weka muziki. Habari ya maji haina jibu. Habari ya yule mama kila mtu anaijua." Nimekaa na kauli hiyo miaka yote. Kila mtu anaijua. Ndani yake kuna sababu nzima ya jambo hili kufanikiwa.

Ndoa ya jirani kila mmoja ana la kusema juu yake, haihitaji kisomo wala karatasi. Bajeti ya halmashauri inahitaji. Ni wangapi katika kijiji wanajua kwamba mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na kwamba anayeahidi mwezi Oktoba kuleta mabomba kabla ya Krismasi anazungumzia fedha ambazo zilishapangwa miezi mingi nyuma? Ni wangapi wanajua kwamba diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwamba miradi ya vijiji inapita hapo kabla ya kwenda wilayani? Mtu husema anachokijua. Ukimwacha hana taarifa ya kuzungumza, atazungumza habari ya mwenzake, na mwenye nia mbaya anampa habari hiyo bure. Sheria zetu zinataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Pale mikutano hiyo inapokufa, umbea unakuta uwanja mtupu. Kwa hiyo siwalaumu sana waliocheka siku ile. Nawalaumu waliokuwa na taarifa na wakachagua kuwapa watu kichekesho.

Nilipokuwa nafundisha Uraia tulikuwa tukisoma sifa za mgombea ubunge katika Ibara ya 67 ya Katiba. Awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi asiwe ametiwa hatiani na mahakama kwa kosa la kukwepa kodi. Zipo na kasoro nyingine zinazomwondolea mtu sifa, mojawapo kuwahi kufungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu. Wanafunzi walikuwa wakikariri tu. Baada ya 2015 niliisoma ibara hiyo kwa macho mengine. Hakuna mahali inapouliza una mume au huna, una watoto wangapi, unaishi kwa nani. Lakini haikufumbia macho maisha ya mtu moja kwa moja. Imechagua kuuliza yale yanayogusa fedha ya umma na uaminifu. Ukwepaji kodi ni jambo la mtu binafsi mpaka siku anapotaka kukalia bajeti ya wenzake.

Kipimo hicho kimenisaidia hata upande wa pili wa jambo, ambao watu wengi hawauoni. Yule mwenyekiti wa zamani wa ushirika naye alikuwa na habari zake. Kipindi chake kulikuwa na msimu ambao wakulima walipeleka zabibu, mzigo ukachukuliwa, malipo yakafika pungufu, na hesabu hazikusomwa mbele ya wanachama mpaka uongozi ukabadilika. Zabibu si mtama. Mtama utauweka ghalani ukisubiri bei. Zabibu ikishaiva una siku chache, ikishindikana unakamua mchuzi, yaani maji ya zabibu ya kutengenezea mvinyo, uuze kwa bei ya hasara, na mchuzi nao unahitaji vyombo ambavyo wengi hawana. Mkulima anayenyimwa malipo ya msimu mmoja anaweza kukosa ada, mbolea na vibarua wa kupogolea msimu unaofuata. Watu walikuwa na haki kabisa ya kumuuliza. Mkulima mmoja akamuuliza hadharani. Wapambe wake wakaja juu: "Acheni kumchafua mtu! Hayo ni mambo yake binafsi, sisi tunazungumza maendeleo!"

Nilisikitika pale pengine kuliko siku ya yule mama. Neno la kumlinda mtu asiingiliwe chumbani lilitumika kufunika daftari la hesabu za watu. Na lilifanya kazi, kwa sababu baada ya wiki za matusi wananchi walikuwa wamechoka, kila swali la kumhusu mtu likaonekana ni tusi. Hiyo ni hasara ya pili ya kampeni za namna hii, na kwangu ndiyo kubwa. Swali la talaka na swali la fedha ya wakulima yanatupwa kapu moja, kisha mwenye kosa la kweli anatokea upande wa waliochafuliwa.

Na mzigo hauwaangukii wote sawa. Yule mfanyabiashara alikuwa na wake wawili na mtoto nje, na upande wa pili ulilisema hilo jukwaani. Watu walicheka, wazee wengine wakasema ni mwanaume, ana uwezo wa kuwatunza. Likaishia hapo. Kwa yule mama, jambo dogo kuliko hilo liligeuka hukumu. Sisi tuko karibu na Bunge, na Bunge hilo tangu 2010 lilikuwa linaongozwa na Spika mwanamke, Anna Makinda. Karatasi ya kura ya urais mwaka uleule wa 2015 ilikuwa na jina la Anna Mghwira, binti wa jirani zetu Singida, na Samia Suluhu Hassan alikuwa mgombea mwenza. Watu walewale waliosema mwanamke aliyeachika hawezi kushika kata walikwenda kituoni na kukuta wanawake kwenye karatasi ya kura ya nchi nzima. Nilitegemea mtu angeona mgongano huo. Sikumsikia aliyeusema.

Kuna mambo yanayokaa katikati, nayo yananipa taabu. Afya, kwa mfano. Kampeni za 2015 afya za wagombea zilikuwa gumzo mpaka vijiweni kwetu, na hayati John Magufuli alipiga pushapu jukwaani kuonyesha yuko imara. Afya ya anayetaka kazi nzito inahusu wananchi, sikatai. Lakini vijana wetu walizungumza pushapu wiki nzima, na sikumsikia hata mmoja akizungumza ilani. Ulevi pia uko katikati. Diwani anayekunywa jioni kwake, hiyo ni shauri yake na familia yake. Diwani ambaye Kamati ya Maendeleo ya Kata inaahirishwa mara kwa mara kwa sababu hayuko katika hali ya kukaa kikao, hilo ni la kata. Na hata hapo swali la kumuuliza ni juu ya vikao: vingapi vimefanyika, mihtasari iko wapi. Ukiuliza vikao, ulevi utajitokeza wenyewe, na kama si mlevi hutakuwa umemvunjia mtu heshima.

Mwaka 2020 tulijaribu jambo kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Tuliona kwenye uwanja mkubwa hatuna nguvu, kipaza sauti ni chao na muziki ni wao. Lakini kila mgombea alikuwa anapenda kupita kwenye vikundi vya akina mama, kwa sababu kura ziko huko. Tukakubaliana kwamba atakayekuja atapewa maswali yetu kwanza, na majibu yake yataandikwa kwenye daftari mbele yake, yeye asikie yakisomwa. Tuliyaandika kwenye karatasi ya manila tukaibandika ukutani. La kwanza lilikuwa maji. La pili, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotakiwa kukopeshwa bila riba kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: mbona kata yetu haionekani kwenye orodha? La tatu, zabibu na mnunuzi.

Kuandika tu maswali kulitufundisha. Tulipokuwa tunabishana juu ya swali la maji, binti mmoja aliyemaliza chuo akatueleza kwamba kazi ya maji vijijini ilishaondoka halmashauri tangu 2019, iko chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Basi ukimuuliza diwani "utatuletea maji?" unampa nafasi ya kudanganya, maana bomba si lake kulileta. Tukabadilisha swali: utafanya nini kuhakikisha kijiji chetu kinaingia kwenye mpango wa RUWASA wa wilaya, na utatuletea taarifa lini? Swali la namna hiyo halina pa kujificha.

Mgombea mmoja alifika na wapambe, akaona ile karatasi, akasema ana ratiba ndefu. Mwingine alianza kutuambia mwenzake anaishi na nani. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, akamwambia, "Mwanangu, hapa ni kikundi cha mikopo. Huyo anayeishi naye amekopa kwetu?" Akanyamaza. Tukamwonyesha swali la kwanza. Alijibu vibaya, lakini alijibu, na tukaandika. Wa tatu alijua mambo. Alisema wazi kwamba juu ya zabibu hana jibu la haraka, kwamba soko la mchuzi na kiwanda ni mambo ya juu ya diwani, na anachoweza ni kubana ili mikataba ya ushirika isomwe kwa wanachama kabla ya msimu. Wanawake walimwamini kwa sababu ya lile alilokiri haliwezi.

Yule mama wa zahanati hakugombea tena. Nilikwenda kumwomba, nikamwambia safari hii tutamlinda. Akanijibu kwamba binti zake wamekuwa wakubwa sasa, wana simu, na hataki wasikie kwenye simu yale yaliyosemwa uwanjani 2015. Sikuwa na la kumwambia. Siku hizi sauti inarekodiwa asubuhi, mchana iko kwenye makundi yote ya WhatsApp ya wilaya, na hakuna saa kumi na mbili ya kuizima. Kata ilipoteza mtu anayejua zahanati kuliko yeyote, na hakuna fomu yoyote ya uchaguzi inayoonyesha hasara hiyo.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nao ulikuja na ya kwake. Ngazi ya kitongoji ni ngumu zaidi, kila mtu ni ndugu, na magomvi ya mipaka ya mashamba yanageuka kampeni. Lakini niliona jambo lililonipa moyo. Kijana mmoja alipoanza kusema habari ya mke wa mgombea, mzee aliyekuwa pembeni akamkatiza: "Soma kwanza mapato na matumizi." Mzee huyo hayumo kwenye VICOBA yetu. Hatukumfundisha sisi.

Daftari letu bado lipo. Jibu la maji tuliloandikiwa limetimizwa nusu: vilula vimejengwa vitongoji viwili, viwili havijafikiwa. Mkopo wa asilimia 10 tuliomba baada ya mikopo hiyo, iliyokuwa imesimamishwa, kuanza kutolewa tena 2024, na kikundi kimoja cha vijana kimepata. Swali la zabibu halijajibiwa na mtu. Kikao kijacho tunaandika barua kwa mwenyekiti wa ushirika, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, kuomba mkataba wa mnunuzi wa msimu huu usomwe kwa wanachama kabla ya kreti ya kwanza kupakiwa. Nimeombwa niandike rasimu, na nimeshaianza.